Mtamba wa Karen

Mkurugenzi alijua kulia. Sijaona mtu mwingine aliyelia vizuri kama yeye, nami natoka kwa watu ambao wamelia sana. Machozi yake hayakuharibu wanja, hayakuleta makamasi, na yalikoma pale tu mgeni alipomaliza kutafuta kitambaa. Nilipokuwa mgeni Nairobi nilidhani ni machozi ya uongo, nikamdharau kwa raha. Baadaye nikagundua yalikuwa ya kweli kabisa. Yalikuwa tu kama maji ya Karen, mtaa wa matajiri alikoishi: ukifungua mfereji, yanatoka.

Alikuwa na shirika, na shirika lilikuwa na ofisi Upper Hill, kwenye ghorofa la vioo ambalo jua la asubuhi lilikupofusha kabla hujafika lifti. Kazi ya shirika ilikuwa kuwapa elimu ya kompyuta vijana wa jamii za wafugaji na za msituni, sisi watu wa mbali. Neno alilolipenda lilikuwa "kuwafikia". Mimi alinifikia nikiwa nimemaliza sekondari, nikichunga mbuzi wa baba mbele ya Baragoi, cheti changu kimechomekwa kwenye paa la nyumba ya mama kisiliwe na mchwa. Alimtuma mtu aje na gari, mama akanipaka maziwa kichwani kunibariki, nikapanda, na siku iliyofuata nilikuwa Loresho, kwenye hosteli nyuma ya kanisa, pamoja na wenzangu wa Marsabit, wa Turkana, na Mogiek mmoja wa msitu wa Mau aliyekuwa mwerevu kutushinda sote.

Tulilala Loresho lakini tulisomea Karen, kwa sababu Karen ndiko lilikokuwa kontena.

Kontena ndilo lililokuwa moyo wa mradi. Lilikuwa kontena la meli, limekatwa madirisha, paneli za sola juu, ndani meza na kompyuta. Ubavuni lilichorwa twiga, mgunga, na morani aliyeshika laptopu mahali pa ngao. Lilijengwa lipakiwe kwenye lori, lipelekwe kwetu, liwekwe karibu na shule ya msingi, ili vijana wasome kompyuta wakirudi nyumbani jioni kukamua. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi, na ilikuwa ahadi nzuri, sitaicheka. Kontena lenyewe lilikaa kwenye nyasi za nyumbani kwa Mkurugenzi, kati ya jakaranda na banda la mbwa.

Halikuondoka kwa sababu za maana. Mwaka mmoja mvua ilikata barabara. Mwingine kulikuwa na wizi wa mifugo huko kwetu. Mwingine ulikuwa wa uchaguzi, na nani anasafirisha kompyuta mwaka wa uchaguzi? Halafu wafadhili, ambao ofisi zao ziliwakataza kuvuka Isiolo, walitaka kuiona kazi kwa macho yao. Basi waliionea Karen. Kontena lilizinduliwa kila mwaka, utepe mpya, mkasi uleule, na Mkurugenzi akilia palepale kwenye hotuba, alipofika kwenye neno "mbali".

Tatizo lilikuwa nyasi. Karen haikauki, na picha za darasa la jangwani zilitoka na majani mabichi kama ya uwanja wa gofu. Mkurugenzi akaagiza lori la udongo mwekundu, likamwagwa mbele ya mlango wa kontena, na matawi ya mgunga yakachomekwa hapa na pale. Mvua ikinyesha, nyasi zilichipuka katikati ya jangwa letu. Mtunza bustani, mzee wa kutoka Vihiga, alizing'oa kwa mkono kabla ya kila ugeni.

"Mimi nimelima maisha yangu yote," aliniambia siku moja akiwa amechutama. "Hii ndio mara ya kwanza nalipwa kuzuia kitu isimee."

Nasi tulikuwa na kazi yetu, nayo ilikuwa kushangaa. Mkurugenzi alitufundisha mwenyewe, akipita kati ya meza na manukato yake. "Msikimbilie kubofya. Mgeni akiingia, gusa kwanza. Taratibu. Angalia screen kama kitu umeona first time." Tulivaa shuka na shanga, hata wale ambao kwao hakuna anayevaa shanga, na Mogiek wetu akafungwa ngozi ya kukodi iliyonuka dawa ya nondo. Huyu Mogiek wakati huo alikuwa anaandika programu za kuendesha mizani ya kupimia chai. Mgeni mmoja, mama mpole wa ng'ambo, akamwinamia akamuuliza kama hii ndiyo mara yake ya kwanza kuona kompyuta. Akajibu ndiyo, kwa sauti ya kanisani. Muda si muda laptopu ya mama yuleyule ikakataa kuongea na projekta. Mogiek akajisahau, akanyoosha mkono, akaitengeneza akiwa amesimama, bila hata kuangalia sana. Wageni wakageuka kumtazama Mkurugenzi.

"You see?" Mkurugenzi akasema. "Hawa wangu hushika haraka sana."

Wageni wakapiga makofi, na Mogiek akaagizwa ashangae tena kwa ajili ya kamera.

Ukweli ni kwamba kompyuta tulijifunzia mjini. Jumamosi tulishuka hadi Luthuli, kwenye vibanda vya mafundi wa simu na redio, tukasimama nyuma ya mabega yao mpaka wakachoka kutufukuza. Huko hakuna aliyetaka tushangae. Fundi akikupa bisibisi ukaangusha skrubu, unatukanwa, unaitafuta, unaendelea. Nilichojua nikaajiriwa nacho nilikipata pale. Kwenye ripoti za Upper Hill ujuzi wangu uliandikwa kuwa matunda ya kontena, nami sikubisha, kwa sababu hosteli ilikuwa yake, chakula kilikuwa chake, na mdomo wake niliuogopa.

Mdomo wake ulikuwa na makali. Hakupiga kelele kamwe. Alikuita karibu, akakushika mkono, akakukata. Mkutano mmoja niliuliza kontena litaondoka lini. Akanitazama kwa huruma.

"Wewe nilikutoa kwa mbuzi," akasema. "Unataka nikurudishe?"

Wenzangu wakacheka, maana mwenye njaa hucheka anapocheka mwenye chakula. Jioni ileile alinitumia chapati kwa dereva, bado moto, zimefungwa kwa kitambaa chake mwenyewe. Sikujua nizile au nizitupe. Nilizila, na zilikuwa tamu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilipougua, kidole tumbo nusura kinipasukie, ni yeye aliyenikimbiza hospitali kuu kwa gari lake, akiendesha kama dereva wa matatu. Alikaa kwenye benchi la korido kutwa, viatu vyake vya bei vimewekwa kando, akiwasumbua wauguzi mpaka wakaniingiza thieta ili wapate amani. Nilipozinduka alikuwa ananiombea kwa Kikikuyu, na machozi yalikuwepo, na hapakuwa na mgeni wala kamera. Hilo limenifanya nishindwe kumchukia vizuri. Mtu mbaya ni rahisi. Unamweka upande wake unaendelea na maisha. Huyu alikuwa mbaya kwa njia zote za wema.

Alikuwa pia na kumbukumbu ya kutisha. Alijua majina ya mama zetu, nani anaumwa goti na ni goti lipi, mbuzi wa nani walichukuliwa na mafuriko. Alikuwa na misemo: "Hakuna mtoto wa mbali, kuna moyo wa mbali." Intaneti ikikatwa hosteli: "Mungu hahitaji bando." Na yeye mwenyewe kompyuta aliiogopa. Barua pepe zake zilipigwa chapa na sekretari, akazisoma kwenye karatasi, akajibu kwa kalamu. Simu aliishika mbali na uso, kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu kama pasi imepata moto.

Na kwetu alikuja. Ilikuwa mara moja tu, lakini alikuja, akatapika njia nzima kutoka Maralal na hakulalamika.

Lazima nieleze hali tuliyokuwa nayo nyumbani. Dada yangu mdogo, Nasieku, alikuwa amemaliza shule ya msingi, na sekondari ilikuwa mbali na karo ilikuwa ndoto. Mzee mmoja wa rika la baba, mwenye ng'ombe wengi na meno machache, alikuwa amemwulizia. Nasieku hakumtaka mzee, alitaka kompyuta. Kila nilipopiga simu aliniuliza maswali: unaandikaje barua ambayo haina karatasi, picha inakaa wapi ukishazima. Nilimwambia asubiri, darasa linakuja. Baba naye, kwa neno langu, akawa anamkwepa yule mzee, leo nyumba ina mgonjwa, kesho ng'ombe wamekwenda malishoni. Lakini kwetu huwezi kumkwepa mwenzako wa rika milele bila sababu ya kusimama nayo.

Kwa hiyo Mkurugenzi alipoketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yetu, na mimi katikati nikifasiri, baba hakuuliza kuhusu sola wala kompyuta.

"Nikimkataa yule mzee," alisema, "nitamkataa kwa neno la nani?"

"Mwambie kwa neno langu," Mkurugenzi akajibu, mkono kifuani. "Kontena inakuja hapa, na msichana wake ndio wa kwanza kuingia."

Baba akainuka, akaingia bomani, akatoka akimwongoza mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mwekundu mwenye uso mweupe. Akaiweka kamba mkononi mwa Mkurugenzi.

Kwetu mtu akikupa mtamba, majina yenu yanakufa kati yenu. Kuanzia hapo mnaitana Paashe, yeye kwako na wewe kwake, mpaka kaburini. Mtamba huyo hachinjwi. Anakaa, anazaa, na maadamu yu hai yeye au uzao wake, neno mlilopeana liko hai. Siku utakapomchinja umesema, bila kufungua mdomo, kwamba neno limekwisha. Hakuna mtoto kwetu asiyelijua hili. Nilimfasiria lote, kama baba alivyolisema, pole pole, kwa Kiswahili safi cha shule, na sehemu ya kutochinja nikairudia. Alilia. Mpiga picha wake akapiga picha. Nasieku alisimama nyuma ya mama, akitabasamu na sare ya shule iliyokwisha kuwa fupi, na picha yake nayo ikapigwa.

Sisi tulidhani mtamba ataachwa kwa baba amtunze, kama wanavyofanya watu wenye marafiki wa mbali. Mkurugenzi hakutaka. Alisema zawadi kama hii haiachwi. Lori la kupeleka kontena kwetu lilikuwa halijapatikana miaka yote hiyo, lakini la kumtoa mtamba kwetu lilipatikana kabla jua halijatua. Baba alifurahi. Alisema mtu anayembeba mtamba umbali huo ana nia.

Mtamba akafika Karen. Mkurugenzi akampa jina, Digital, na akamfunga kwa kamba ndefu karibu na kontena, ambako alikula nyasi zilizochipuka kwenye udongo mwekundu na kumpunguzia kazi mzee wa Vihiga. Maneno ya baba yalichapishwa kwa herufi za dhahabu, yakatiwa kwenye fremu, yakatundikwa ofisini Upper Hill karibu na mtungi wa maji: *Ng'ombe huyu ni neno letu.* Sehemu ya kutochinja haikuingia kwenye fremu. Ilikuwa ndefu.

Na alimpigia baba simu. Kila alipokumbuka, alimpigia kupitia simu ya mwalimu wa shule, akasema neno lile moja la kwetu alilolijua: "Paashe! Paashe, habari?" Baba hakuelewa yaliyofuata, lakini kwa neno hilo aliishi. Mzee mwenye ng'ombe alipokuja tena, baba alimjibu kwamba binti yake ana neno la Paashe juu yake. Yule mzee alichukua fimbo yake akaondoka. Hata tajiri haingilii jambo hilo.

Uzinduzi uliofuata ulikuwa mkubwa kuliko yote. Kulikuwa na mahema meupe, wageni wa balozi, bendi ya kanisa, na sisi na shanga zetu. Chakula kikaletwa. Nilikuwa na njaa ya tangu asubuhi, nikala nyama vizuri, nikarudia sahani. Ndipo Mkurugenzi akashika kipaza sauti.

"Leo hatuli tu chakula," akasema. "Leo tunakula urafiki. Hii ni zawadi ya Paashe wangu wa kaskazini. Watoto wake wamekula, wageni wamekula, sote sasa ni boma moja."

Nilishuka nyuma ya jikoni. Ngozi ilikuwa imetandazwa kwenye ua wa michongoma, nyekundu, na upande mmoja ile sehemu nyeupe ya uso. Mzee wa Vihiga alikuwa anaipaka chumvi. Hakunitazama. Nilitapika kwenye maua ya Mkurugenzi, na kusema kweli sehemu ndogo ya moyo wangu ilifurahi kwamba ni maua yake.

Alinikuta pale, akanipa maji, akanishika mgongo. Alidhani nyama imenikataa. Nilipomuuliza kwa nini, alishangaa kwa moyo mweupe kabisa.

"Si mnyama ya heshima ni ya kukula pamoja?" akasema. "Kwetu ukipewa mbuzi ukae nayo tu hadi izeeke, umemdharau mwenye alikupa. Mimi nilingoja occasion kubwa, nisimuaibishe mzee."

Na ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amempenda baba yangu kwa desturi ya kwao.

Baba huazima simu ya mwalimu, akapanda kilima kutafuta mtandao. Alinipigia siku chache baadaye, na kama kawaida yake hakuuliza kwanza habari yangu.

"Mtamba wa Paashe amezaa?"

Hilo lilikuwa kama salamu kwake. Ningeweza kusema bado. Nikamwambia amechinjwa.

Nilisikia upepo wa kwetu kwenye simu.

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Huko mmeingiliwa na njaa?"

"Hapana, baba."

"Basi Paashe ametujibu."

Nikaanza kumsihi. Nikamwambia ni mtu wa mji, hakuelewa, kwao ndivyo wanavyofanya. Aliniacha nimalize, kwa sababu baba si mtu wa kukatiza.

"Kila mara ananiita Paashe kwa mdomo wake," akasema. "Mtu haiti jina asilolijua."

Nilikwenda Upper Hill siku ileile, nikaingia ofisini bila kubisha hodi. Nilimweleza yote tena, nikamwonyesha fremu yake mwenyewe ukutani. Nikamwambia kontena likiondoka wiki hii, hata kama ni kontena tupu, baba ataliona na atasita kumwoza Nasieku, maana anachokiona mtu kwa macho kinaweza kufuta alichokisikia. Alisimama mbele ya fremu akayasoma maneno kama mtu aliyeletewa barua ya posta. Kisha akalia, akaketi, na mimi mjinga nikaanza kumtuliza.

"Nitamnunulia ingine," akasema. "Na si hizi za kienyeji. Nitamnunulia ya gredi, friesian, ya maziwa mingi."

Ng'ombe wa gredi kwetu angekufa kabla ya kumaliza kushushwa kwenye lori. Nikamwambia si ng'ombe, ni kontena. Akapangusa macho, akavaa miwani, akaita sekretari aangalie kalenda. Kulikuwa na ujumbe wa wafadhili unaokuja mwezi ule, watu wazito. Haingewezekana wafike Karen wakute nyasi tupu.

"Wakienda tu," akasema. "Wakienda tu, mwanangu, inaondoka."

Lakini hakukaa bure, maana hakuwa mtu wa kukaa bure. Alichukua ile picha ya Nasieku na sare yake fupi, akaitengenezea bango, na bango likawekwa kwenye mlango wa kituo cha maduka Karen, penye magari makubwa na mbwa wenye afya. *Nasieku anasubiri darasa.* Watu walichanga. Baadhi walilia pia, niliambiwa.

Nasieku aliozwa kwa yule mzee mvua ilipoanza. Bango lilikuwa bado linamwambia kila aliyekwenda kununua mkate kwamba anasubiri. Nilipopita pale alikuwa ananitabasamia akiwa mkubwa kuliko mlango, na kwa wakati huo alikuwa na mimba. Nilisimama mpaka askari wa lango akaniuliza kama nimepotea.

Nilipoacha hosteli na kupata kazi yangu, nilimnunulia laptopu ya mtumba Luthuli, nikaisafisha, nikampelekea kwa mume wake. Nilikuwa nimejazia masomo yote ambayo angeyahitaji bila mtandao. Aliipokea kwa mikono miwili, akaishika kwa adabu, vile unavyoshika mtoto wa mtu mwingine. Akaifungua, akaifunga. Nikamkumbusha maswali yake, barua isiyo na karatasi, picha inakaa wapi. Alinitazama kama ninamsimulia habari za mtu tuliyewahi kumjua zamani.

"Ng'ombe hawajakamuliwa," akasema, akanirudishia.

Nililia njiani hadi Maralal, nami silii vizuri.

Mkurugenzi nilikutana naye tena mwaka huu. Ninafanya kazi Upper Hill siku hizi, kwenye kliniki ya macho, kazi yangu ni kompyuta zao, na asubuhi hiyo nilikuwa chini ya meza ya mapokezi nikifuatilia waya. Nikasikia sauti ikimwambia karani kwamba Mungu hahitaji bando. Shirika lake lilikuwa limekwisha kufungwa, hilo nililijua, wafadhili wamehamia kwenye mambo ya hali ya hewa. Nilitoka chini ya meza nikiwa na vumbi magotini.

Alikuwa amekonda. Jicho moja lilikuwa na bandeji na la pili lilikuwa na ukungu, lakini niliposema "Shikamoo, Madam," alinijua kwa sauti, akanitaja jina, akanivuta niketi. Aliulizia goti la mama, la kushoto. Aliulizia kovu langu la upasuaji. Akamwambia mgonjwa wa pembeni kwamba mimi ni mtoto wake, kwamba alinitoa mbali sana na sasa ndiye ninayeendesha hospitali hii, na yule mgonjwa akanitazama kwa heshima.

"Na Paashe?"

"Yuko," nikasema.

"Na Nasieku wetu?"

"Ana watoto wawili, Madam."

Alitikisa kichwa. Nilingoja machozi, na nitasema wazi kwamba niliyataka. Nilitaka niyaone yakitoka kwenye lile jicho moja, nisimpe kitambaa.

"Kuna msichana?" akauliza.

"Mkubwa ni msichana."

Uso wake ukakunjuka. Nuru ileile ya mbele ya kontena, ya mikasi na utepe, ilimrudia mpaka akaonekana kijana. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikutarajia.

"Basi hatujachelewa," akasema. "Kontena iko palepale, haijaguswa. Kuna watu naongea nao, watu wa maana. Watoto wadogo ndio wanatakwa sasa." Akafungua mkoba, akatoa simu, akaiweka mbali na uso, kidole kimoja hewani. "Anaitwa nani?"

Jina la mpwa wangu nalijua. Mimi ndiye niliyeombwa nichague, na nilichagua jina zuri.

"Sijui, Madam," nikasema.

Hakukasirika. Muuguzi alimwita, akainuka akipapasa ukuta, nami nikamshika kiwiko hadi mlangoni kwa sababu sikuweza kuacha kumshika.

"Utamwuliza mama yake," akasema. "Unitumie jina na picha. Apigwe akiwa kwa jua, tafadhali, mimi siku hizi sioni vizuri."